144 Kati ya 120

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita na wazazi wao, Siku ya Hisabati, 14 Machi

Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi mliofika, nanyi vijana ambao najua baadhi yenu mmeletwa hapa na kengele wala si mapenzi ya hesabu: habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya uwezekano. Sitaanza na maana yake, kwa kuwa maana mnayo kwenye madaftari. Naanza na swali ambalo mwalimu wa zamu amelinakili ubaoni. Nimelisahihisha kwenye kazi za vijana wengi kiasi kwamba jibu naweza kulitabiri kabla kalamu haijagusa karatasi.

Wanafunzi 10 wamejitolea, wasichana 6 na wavulana 4. Tunataka kamati ya watu 3, na ili pasiwe na manung'uniko tunaandika majina kwenye vikaratasi, tunavikunja, tunaokota vitatu. Kuna uwezekano gani kamati hiyo ikawa na angalau mvulana mmoja?

Kijana mwerevu, tena yule anayekaa dawati la mbele, anafanya hivi. Mvulana ni lazima awepo, basi anaanza naye: njia 4. Wamebaki watu 9, anawatoa wawili wowote: 9C2, yaani njia za kuchagua 2 kati ya 9, ambazo ni 36. Nne mara 36 ni 144. Anashuka chini: kamati zote zinazowezekana ni 10C3, yaani 120. Anaandika 144/120, anapiga mstari kwa rula, anaendelea na swali la pili.

Uwezekano wa 1.2, na mwisho wake ni 1! Jambo limeshakuwa la hakika, na chenji imebaki.

Mnacheka, lakini rudini mkaisome kazi yake hatua kwa hatua, mniambie amekosea wapi. Mvulana lazima awepo: kweli. Wavulana ni 4: kweli. Waliobaki ni 9, na kuchagua wawili kati ya tisa ni 36: kweli tupu. Kila mstari unapita. Hata mimi ningekuwa nasahihisha usiku umeme ukiwa umekatika ningeweka alama ya vema pembeni mpaka nifike mstari wa mwisho.

Tuichukue kamati moja tu tuitazame kwa karibu. Kamati ya Juma, Hamisi na Asha. Kwa njia ya kijana wetu, kamati hii inaweza kutokea hivi: Juma ndiye "mvulana wa lazima", kisha Hamisi na Asha wakaja kama "wawili wowote". Inaweza pia kutokea hivi: Hamisi ndiye wa lazima, kisha Juma na Asha wakafuata. Ni watu wale wale, wanakaa kwenye viti vile vile, wanaandika muhtasari ule ule wa kikao. Kamati ni moja, naye ameihesabu mara mbili. Ile ya wavulana watatu watupu ameihesabu mara tatu.

Sasa tumkague mpaka senti ya mwisho. Kamati zenye mvulana mmoja tu ni 4 mara 15, yaani 60, na hizo kazihesabu mara moja kama inavyotakiwa. Zenye wavulana wawili ni 6 mara 6, yaani 36, kazihesabu mara mbili: 72. Zenye wavulana watatu ni 4, kazihesabu mara tatu: 12. Jumlisha 60, 72 na 12. Zinakuja 144 kamili, wala haikosekani hata moja. Mimi kosa la namna hii nalipenda kuliko majibu mengi sahihi, kwa sababu linajieleza lote.

Jibu lenyewe ni 60 na 36 na 4, jumla 100. Kwa hiyo 100/120, au 5/6. Na ukisikia "angalau" kwenye swali, mara nyingi ni nafuu kugeuka ukatazama upande wa pili: kamati zisizo na mvulana hata mmoja ni 6C3, yaani 20. Toa 20 kwenye 120, umemaliza, na chai haijapoa.

Nimelileta swali hili kwanza kwa sababu jambo langu leo ni moja. Katika uwezekano wa namna hii fomula hazimwangushi mtu. Fomula ni chache, na kikokotoo kina kitufe cha nCr kinachozijua zote. Kinachowaangusha watu, na nitawaonyesha kwamba kimewaangusha hata wasomi wa Paris, ni kwamba wanaanza kuhesabu kabla hawajaamua njia moja ni ipi. Uwezekano ni sehemu: juu unaweka njia zinazokupa unachotaka, chini unaweka njia zote. Kugawanya ni kazi ya mwisho, tena ndogo. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba juu na chini umehesabu vitu vya aina moja, kila kimoja mara moja, na kwamba vyote vina uzito sawa. Hilo la uzito nitalirudia.

Wazazi, hasa akina mama, upatu mnaujua vizuri kuliko mimi. Watu 10, kila mwezi wanachanga, mmoja anapokea. Mnapookota kura ya nani apokee mwezi wa kwanza, nani wa pili, nani wa tatu, matokeo yanayowezekana kwa miezi hiyo mitatu ni 10 × 9 × 8, yaani 720. Kumi wa kuchukua nafasi ya kwanza, yeyote akishachukua, wamebaki tisa, halafu wanane. Na muulizeni mama yeyote kama kupokea Januari ni sawa na kupokea Machi wakati ada na sare za shule zinadaiwa Januari. Hapo mpangilio ni jambo zito, watu wanaweza kununiana kwa ajili yake.

Watu hao hao 10 siku nyingine wanachagua watatu wa kwenda kumjulia hali mwenzao aliyelazwa. Aliyetajwa wa kwanza na aliyetajwa wa mwisho wote wanapanda daladala moja na wanaingia wodini kwa pamoja. Mpangilio hauna kazi hapa. Kila kundi la watatu lilijitokeza mara 6 katika ile 720, kwa kuwa watu watatu wanapangika kwa njia 3 × 2 × 1. Basi gawanya 720 kwa 6: 120. Ndiyo ile 10C3 yetu. Ndani ya kitufe cha nCr hamna uchawi wowote: unazidisha kana kwamba mpangilio una maana, halafu unagawanya kwa idadi ya mipangilio usiyoijali.

Kila mwaka naulizwa, "Mwalimu, nitajuaje kama swali ni la mpangilio au la kombinesheni, yaani kuchagua bila kujali mpangilio?" Wapo wanaofundisha kwamba utafute neno "panga" au neno "chagua". Mimi siipendi njia hiyo, na sababu ni kwamba mtunzi wa mtihani naye anaijua. Fanyeni hivi: shika tokeo moja mkononi, badilisha nafasi za watu wawili, kisha jiulize kama umepata tokeo jipya. Kwenye upatu utapata jipya. Kwenye safari ya hospitali hupati kitu.

Na niongeze jambo ambalo vitabu vya mazoezi hulipitia haraka. Mkitafuta uwezekano, mara nyingi mnaruhusiwa kutumia hesabu yoyote kati ya hizi mbili, mradi mtumie hiyo hiyo juu na chini. Uwezekano wa kamati yetu kuwa ya wasichana watupu: kwa kombinesheni ni 20/120. Kwa mpangilio ni 6 × 5 × 4 juu ya 10 × 9 × 8, yaani 120/720. Zote ni 1/6. Kisichosamehewa ni kuchanganya: juu ukajali mpangilio, chini usijali. Ukitazama kwa makini, yule kijana wa 144 ndicho alichofanya. Juu alimpa mtu mmoja cheo cha "wa lazima", chini hakuna aliyekuwa na cheo.

Vitabu vingi vya historia huianza hesabu hii Ulaya, kwenye meza za kamari. Mimi nitaanza karibu zaidi na pwani hii. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi alizaliwa Oman karne ya 8, akaishi na kusomesha Basra. Ndiye aliyeweka kanuni za aruzi, mizani ya mashairi ya Kiarabu. Alitaka pia kamusi ambayo hakuna mzizi wa neno utakaomponyoka. Badala ya kutembea akiokota maneno kama kuni, akaanzia kwenye herufi. Kiarabu kina herufi 28. Mizizi ya herufi mbili tofauti ni 28 × 27, yaani 756. Ya herufi tatu ni 19,656. Ya nne ni 491,400, na ya tano 11,793,600. Jumla inayonasibishwa naye ni 12,305,412, na mkiwa na dakika tano mnaweza kuihakiki wenyewe kwa kuzidisha na kujumlisha tu.

Lakini kilichonivutia mimi ni namna alivyoipanga kamusi yake, Kitab al-Ayn. Hakuiweka mizizi 19,656 ya herufi tatu kila mmoja mahali pake. Alichukua kundi la herufi tatu bila kujali mpangilio, kisha chini yake akaupitia kila mpangilio kati ya 6, akaeleza ule ambao Waarabu wanautumia na kuupita walioutupa. Chukueni k, t na b, ambazo zimetupa kitabu, katibu na maktaba. Kundi ni moja. Mipangilio ni k-t-b, k-b-t, t-k-b, t-b-k, b-k-t na b-t-k. Kwa hesabu hiyo makundi ni 28C3, yaani 3,276 tu. Alihitaji mpangilio ili asikose neno, na alihitaji kundi ili asipotee njiani. Nikitafuta mtu wa kumweleza kijana tofauti ya hizi mbili, namtaja yeye kabla ya kumtaja mcheza dadu yeyote.

Haya, sasa twende kwa wacheza kamari. Mwaka 1654 wanahisabati wawili wa Ufaransa, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya swali hili: watu wawili wanacheza mchezo wa bahati tupu, wameweka fedha, na mchezo ukakatizwa kabla haujaisha. Fedha zigawanywe vipi? Naliweka kwa shilingi zetu. Kila mmoja ametoa 8,000, mezani kuna 16,000. Wa kwanza, tumwite A, amebakiza ushindi 2 ili achukue zote. Mwenzake B amebakiza 3. Mvua ikawafukuza.

Fermat alisema hivi: raundi 4 zaidi zingetosha kumaliza ubishi, kwa kuwa katika raundi 4 ama A anapata ushindi 2 au zaidi, ama B anapata 3 au zaidi. Raundi 4, kila moja ina washindi wawili wanaowezekana: 2 × 2 × 2 × 2, njia 16. A anashinda akipata raundi 2, 3 au 4. Hizo ni 4C2 na 4C3 na 4C4, yaani 6 na 4 na 1, jumla 11. B anabaki na 5. Basi A achukue shilingi 11,000 na B 5,000.

Palikuwa na profesa wa hisabati Paris, Roberval, hakukubali. Na hoja yake si ya kipuuzi. Nusu ya darasa langu huwa upande wake. Alisema: kwa nini unahesabu raundi 4 wakati A akishinda mbili za mwanzo mchezo umekwisha? Unahesabu raundi ambazo hazitachezwa.

Tumfuate Roberval tuone anatupeleka wapi. Tuandike mchezo kama utakavyochezwa kweli, ukikoma mara mmoja anaposhinda. A anaweza kushinda kwa AA, ABA, BAA, ABBA, BABA au BBAA. Sita. B anaweza kushinda kwa BBB, ABBB, BABB au BBAB. Nne. Jumla 10, na mtu mwenye haraka atagawa 6 kwa 4: A apate 9,600, B apate 6,400. B amepata nyongeza ya 1,400 kwa ajili ya hoja iliyosikika vizuri.

Kosa liko wapi? Hakuna kilichohesabiwa mara mbili safari hii. Zile njia 10 ni kweli, na ni tofauti. Ila hazina uzito sawa. AA inahitaji raundi mbili tu ziende upande wa A: robo ya uwezekano wote, yaani 4 kati ya zile 16. ABA na BAA zina 2 kila moja. Zile tatu za raundi nne zina 1 kila moja. 4 na 4 na 3 ni 11. Kwa B, BBB ina 2 na zile tatu zina 1 kila moja: 5. Tumerudi pale pale kwa Fermat. Zile raundi ambazo hazitachezwa ndizo zilizosawazisha mizani, na ndiyo sababu Fermat alizihesabu.

Zipo njia za kuliona hili kwa urefu zaidi, lakini kijana akikumbuka AA na BBAA tu inatosha. Miaka 100 baadaye, mwaka 1754, d'Alembert, msomi aliyeheshimika Ufaransa nzima, aliandika kwamba ukirusha sarafu mara mbili uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3, kwa kuwa yapo matokeo matatu: kichwa mara ya kwanza na hapo unaacha, au mwenge, yaani upande wa pili wa sarafu, kisha kichwa, au mwenge mara zote mbili. Ni mtego ule ule wa Roberval. Jibu ni 3/4. Kwa hiyo siku ukikosa swali kama hili usijione mjinga, uko kwenye kundi zuri. Ila alama hupati.

Nipite haraka kwenye siku za kuzaliwa, kwa kuwa najua mwalimu wenu ameshawafundisha. Watu 23 chumbani, uwezekano kwamba wawili wanachangia siku ya kuzaliwa ni 0.507, zaidi kidogo ya nusu. Watu hushangaa kwa sababu wanawahesabu watu 23, na wanaopaswa kuhesabiwa ni jozi: 23C2, yaani 253. Kombe la Dunia la 2014 lilikuwa na timu 32, kila moja wachezaji 23. Waliopitia orodha za FIFA walikuta timu 16 zina wachezaji wanaochangia siku ya kuzaliwa. Nusu ya timu zote! Sikutarajia itokee sawasawa kiasi hicho, na mkirudia na mashindano mengine hamtaipata nusu kamili kila mara. Sisi humu ukumbini tumezidi 60, na kwa watu 60 uwezekano unapita 0.99. Baadaye mwalimu wa zamu atapitisha karatasi tuone.

Sasa mkeka, yaani tiketi ya kubashiri matokeo ya mechi. Wazazi msinitazame hivyo, vijana hawa wanaujua mkeka kuliko wanavyojua logi. Ipo jackpot ya mechi 17. Kila mechi unachagua moja kati ya matatu: wa nyumbani ashinde, sare, au wa ugenini ashinde. Mikeka tofauti inayoweza kuandikwa ni 3 ikizidishwa kwa yenyewe mara 17, yaani 129,140,163. Mtu akiijaza yote, kila mmoja kwa sekunde 10, bila kulala wala kuswali wala kula, atamaliza baada ya miaka karibu 41.

Kijana mmoja mkali ataniambia, "Mwalimu umesema njia ziwe na uzito sawa, na mechi hazina uzito sawa. Simba au Yanga akicheza nyumbani na timu iliyopanda daraja juzi, sare na ushindi vina uzito mmoja?" Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloonyesha ufundi. Kama unachagua kwa kuokota kura, uzito sawa umeuweka kwenye mkeka wako, hukuuweka kwenye mechi. Mechi iishe vyovyote iishavyo, uwezekano kwamba kura yako imeangukia tokeo hilo ni 1/3. Basi kwa mkeka wa kura, 1 kati ya 129,140,163 ni sahihi hata timu ziwe zimepishana kama mbingu na ardhi.

Na anayejua mpira? Tumpe heshima yake. Tuseme kwa kila mechi anapatia mara 6 katika 10, na mechi hazitegemeani. 0.6 ikizidishwa mara 17 inatoa takriban 1 kati ya 5,900. Ameboresha nafasi yake zaidi ya mara 20,000, na ujuzi huo ni wa kweli. Akiweka mkeka mmoja kila wiki, wastani wa kusubiri ni miaka 113 hivi.

Lakini kinachonileta kwenye mkeka leo ni bonasi, kwa kuwa hapo ndipo kombinesheni inapoingia. Baadhi ya jackpot hulipa pia waliopatia mechi 12 hadi 16. Turudi kwa aliyeokota kura. Kuna mikeka mingapi yenye kosa moja tu? Chagua mechi itakayokosewa: 17. Kwenye mechi hiyo kuna majibu 2 ya makosa. 17 × 2 ni 34. Kwa makosa mawili, chagua mechi mbili: 17C2, yaani 136, halafu 2 × 2: 544. Makosa matatu: 680 × 8, yaani 5,440. Manne: 2,380 × 16, yaani 38,080. Matano: 6,188 × 32, yaani 198,016. Ukijumlisha zote pamoja na ule mkeka mmoja uliopatia yote unapata 242,115. Gawanya: 1 kati ya 533.

Itazameni ile 34. Mtaani kila mtu ana rafiki ambaye mkeka wake ulichanika kwa mechi moja, na maneno yake huwa "nilikaribia, wiki ijayo naipata." Waliokosa moja ni wengi kwa sababu njia za kukosa moja ni 34 na njia ya kupatia zote ni moja tu. Kukosa moja hakujamsogeza popote. Wiki ijayo anaanza na zile zile 129,140,163. Nilisema hivi mbele ya watu wazima fulani, mmoja akaniuliza kama nauza mikeka au naizuia. Sifanyi lolote kati ya hayo. Nahesabu.

Na yule anayeweka machaguo mawili kwenye mechi 5 ili "kujihami", ajue kwamba amenunua mikeka 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 32, na ndiyo atakayolipia. Nafasi yake imekuwa 32 kati ya 129,140,163. Uwiano wa fedha na nafasi haukubadilika hata kidogo.

Nimalize kwa swali, na majibu mwalimu wa zamu atayakusanya kabla ya chai. Kwa mkeka wa kura, kupatia mechi 5 tu kati ya 17 kuna njia 17C5 × 2 ikizidishwa mara 12. Yaani 6,188 × 4,096. Kupatia mechi 6 kuna njia 17C6 × 2 ikizidishwa mara 11. Yaani 12,376 × 2,048. Zidisheni: zote mbili ni 25,346,048. Zinalingana mpaka tarakimu ya mwisho, na hakuna idadi nyingine ya mechi, kuanzia 0 hadi 17, yenye njia nyingi kuzishinda hizo. Kwa nini zilingane? Kwenye mikeka ya mechi 13 ambayo nayo ipo, msitegemee kulikuta jambo hili. Kwenye mikeka ya mechi ngapi litatokea tena?

Vikokotoo viacheni mfukoni. Andikeni 17C5 na 17C6 kwa faktoria zake (faktoria ya 5, kwa mfano, ni 5 × 4 × 3 × 2 × 1), msizifungue, na zitakatana zenyewe.